Meli Inayopanda Mlima

Luiza alikuwa mtu wa kuuliza. Alizaliwa Kisumu, mtoto wa Mgoa aliyekuwa karani wa reli na bandari, na tangu utotoni hakuona mlango uliofungwa bila kutaka kujua kilicho nyuma yake. Sasa alikuwa mjane mwenye mvi, amestaafu kazi ya kupiga chapa kwenye ofisi ya mawakili, akiishi peke yake Parkdale, mtaa wa Toronto, Kanada, katika jengo la kupanga linalotazama ziwa. Asubuhi, akinywa chai dirishani, aliziona meli zikipita mbali, ndefu na nyembamba kama rula. Zilielekea upande wa Niagara, zikapotea. Zilikokwenda hakukujua. Upande ule kuna maporomoko, na meli haipandi maporomoko. Alikuwa amewauliza watu wengi, na wengi walimjibu kwamba hawajawahi kulifikiria jambo hilo.

Mkwe wake Khatoon hakuwa mtu wa kuuliza, wala wa kuulizwa. Yeye alikuwa Mwismailia wa Bukoba. Kwa miaka mingi yeye na marehemu mumewe waliuza vitambaa Markham, kaskazini mwa Toronto, na sasa aliishi Unionville, hukohuko, kwa mwanawe mkubwa. Binti yake Samina alipoolewa na Marc, mtoto wa Luiza, ndoa ilifungwa ukumbi wa jiji kwa sababu kila upande ulikataa kwenda kwenye ibada ya mwenzake. Tangu hapo wale kina mama wawili waliamkiana kwa adabu kubwa, kama abiria waliopangiwa viti vya jirani kwenye ndege. Walizungumza Kiswahili. Kiingereza walikijua wote, lakini cha Luiza kilikuwa cha ofisini na cha Khatoon cha dukani. Kiswahili ndicho walichochezea wakiwa watoto, kila mmoja ng'ambo yake ya ziwa lile kubwa la kwao, na ndicho pekee walichoweza kubishania kwa raha.

Marc na Samina walihamia St. Catharines, mji wa viwanda ulio ng'ambo ya ziwa kutoka Toronto, kwa sababu huko ndiko walikomudu nyumba. Mtoto wao wa kwanza, Almina, alipozaliwa mwezi wa Mei, bibi wote wawili walipanda treni kituo cha Union, kila mmoja siku yake, wakakutana katika jiko moja dogo.

Jiko lile halikuwatosha. Khatoon alikuja na samli yake na tangawizi kavu, akakaa kusokota ladu, vitufe vitamu vya kumpa mzazi nguvu. Luiza naye aliamini mzazi hapati nguvu kwa vitu vitamu bali kwa supu ya kuku yenye vitunguu saumu vingi. Siku moja sufuria ya mmoja ilikutwa imeshushwa jikoni ikiwa haijaiva, na aliyeishusha hakujitaja. Luiza alijaribu kuleta amani kwa maongezi. Aliuliza ladu inatiwa nini, baba yake Khatoon alikuwa nani, duka lao la Bukoba lilikuwa mtaa gani. Kadiri alivyouliza, ndivyo Khatoon alivyozidi kufunga mdomo.

Siku ya Alhamisi, Samina akatokea jikoni na mtoto begani, nywele hazijachanwa. Akawaambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya upole mno, kwamba anawapenda wote wawili, na kwamba anaomba nyumba isiyo na mtu yeyote ndani mpaka saa nane mchana. Kisha akawafungulia mlango wa nyuma.

Wakajikuta wamesimama kwenye nyasi, Luiza na chupa ya chai, Khatoon na chapati zilizofungwa kwenye karatasi, kama wanafunzi waliofukuzwa darasani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na bustani ya mji, mteremko mrefu wenye miti. Khatoon alitaka kukaa kwenye benchi la kwanza asubiri saa nane. Luiza, ambaye hakuwahi kutulia mahali asipopajua, akatembea mpaka ukingoni mwa bonde dogo, akaita.

"Mama Samina, njoo uone hiki."

Chini yao palikuwa na kuta mbili za mawe makubwa yaliyochongwa, zikitazamana, na katikati nafasi ya kupita kama malori mawili ubavu kwa ubavu. Mawe yalikuwa yamekatwa vizuri hivi kwamba hata baada ya miaka yote hiyo wembe usingepenya katikati. Sakafuni kulipita maji machache, na bata wawili. Kwenye kila ukuta, karibu na mwisho, mawe yalikuwa yamechongwa kwa ndani kama pembe ya mlango mkubwa. Na juu kidogo ya zile kuta kulikuwa na nyingine za namna hiyohiyo, na juu yake tena nyingine, zikipanda mlima kama ngazi ya majitu.

Kulikuwa na kibao. Luiza alikisoma kwa sauti, akikigeuza Kiswahili akiendelea. Huu ulikuwa mfereji wa zamani wa meli, na kila chumba cha mawe kiliitwa loki. Vyombo vilitoka ziwa la chini, Ontario, vikapanda loki hadi loki mpaka ziwa la juu, Erie, vikiyakwepa maporomoko. Vilipandaje, kibao hakikusema.

"Vilipanda," Khatoon alirudia. "Vyombo."

"Ndivyo kilivyoandikwa."

"Maji hayapandi mlima, Mama Marc."

Hapo ndipo ubishi wa kweli ulipoanza, na kwa mara ya kwanza haukuhusu jiko. Luiza alisimulia jinsi baba yake alivyomwonyesha meli bandarini Kisumu, akamweleza kwamba ilitengenezwa Ulaya, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikaletwa Mombasa, kisha ikapanda treni kama mzigo wa chumvi, na Kisumu ndiko mafundi walikoifunga tena kwa misumari ya moto. Meli hiyo haikurudi baharini tena. Khatoon naye alizijua meli hizo, maana utotoni alizipanda kwenda kwa shangazi yake Mwanza. Meli ya ziwa, alisema, ni mfungwa wa ziwa. Alivyodhani yeye, hata hizi za Kanada zilifungwa vivyo hivyo, kila moja kwenye ziwa lake. Lakini kama kibao kilisema kweli, basi hapa watu walikuwa wamefanya jambo ambalo kule kwao halikufanyika.

Khatoon aliviangalia viatu vyake vyeupe, vya kuvaa ndani, kisha akaiangalia ile ngazi ya mawe.

"Haya," akasema. "Tupande tuone mfereji huu unaishia wapi."

Wakaanza kuufuata mfereji. Haikuwa safari ngumu, kwa kuwa njia ya miguu ilikwenda kandokando ya kuta. Kwenye kila loki Luiza alisimama akauliza jambo. Alitaka kujua matundu yale yaliyo chini ya ukuta yalikuwa ya nini, na ile mifuo kwenye mawe ya juu ililetwa na nini. Luiza aliona kwamba Khatoon naye sasa anainama kutazama. Kwenye loki ya tatu au ya nne Khatoon mwenyewe aliupitisha mkono ndani ya mfuo mmoja, akasema ni alama ya kamba. Kamba nyingi, miaka mingi, zikivuta kitu kizito. Alisema ameziona alama kama hizo kwenye meza ya dukani, pale walipokuwa wakivuta majora ya kitambaa kila siku.

Kisha mfereji ukapotea. Ulifika kwenye ukuta wa kiwanda cha zamani cha matofali, madirisha yake makubwa yamezibwa, ukaingia chini yake, na upande wa pili haukutokea. Palikuwa na uwanja wa kuegesha magari, barabara, na majengo mengine ya viwanda, baadhi yakifanya kazi, mengine miti imeota juu ya paa. Luiza alizunguka huku na huku kama mtu aliyeangusha pete. Mwishowe akamwona mwanamume aliyekaa kwenye ngazi ya lori lake akila mkate, akamwendea moja kwa moja.

Yule bwana alifurahi kuulizwa. Aliwaeleza kwamba mfereji upo chini ya miguu yao, umefukiwa udongo, kwa kuwa barabara ilihitaji nafasi. Babu yake alifanya kazi kwenye kinu cha pamba kilichozungushwa na maji ya mfereji huohuo. Mji mzima ulikua kandokando yake, karatasi, pamba na chuma, kila mwenye gurudumu akitaka maji. Na mifereji ilikuwa minne, si mmoja. Kila meli zilipozidi kuwa kubwa walichimba mwingine mpana zaidi, na ule wa zamani wakauacha umelala hapohapo. Wa nne ndio unaofanya kazi hata leo. Wakivuka reli ile, akaonyesha kwa mkate wake, watauona.

Kisha, kwa wema tu, akawauliza wanatoka wapi.

Luiza akajibu kwamba wanatoka Toronto. Bwana akasema anamaanisha kwa asili. Luiza akasema Kisumu, nchini Kenya, ingawa wazee wake walitoka Goa, na alikuwa anaanza kueleza Goa iko wapi alipogeuka akaona Khatoon hayupo. Alikuwa ameshafika mbali, anatembea haraka na chapati zake kifuani.

Luiza alimkuta kwenye njia ya reli, akihema, akamuuliza amekosewa nini. Maneno yakamtoka Khatoon kama yaliyokuwa yamesubiri siku nyingi.

"Ukimuuliza mtu, Mama Marc, unampa ruhusa ya kukuuliza. Na wote huuliza lilelile. Nikisema Bukoba, wananitazama ngozi, wanasema hapana, kweli kweli unatoka wapi. Nikisema Mhindi, wanataka kujua mji gani, na India nimeiona mara moja tu, nikaugua tumbo wiki nzima. Mwaka ule serikali ilipotaifisha majumba, mtu alikuja kwetu na karatasi zake. Mimi nilikuwa mtoto wa shule. Akaniuliza, kwa upole kama huyu, nyinyi mnatoka wapi? Nami nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa chumba nilichozaliwa."

Treni ya mizigo ilikuwa inapita polepole, na walisubiri mpaka behewa la mwisho.

"Na mimi je?" Luiza akauliza hatimaye. "Siku zote hizi nakuuliza habari za baba yako, za duka lenu..."

"Nilidhani unanichunguza. Unataka kujua kama sisi ni watu wa kuoana nao."

"Mama Samina," Luiza alisema, "mimi nauliza kwa sababu sijui."

Lilikuwa jibu dogo, lakini Khatoon aliligeuzageuza kichwani mwake kama mtu anayepima kitambaa kwa vidole. Kisha akaifungua karatasi, akampa mkwe wake chapati moja, na wakavuka reli wakitafuna.

Upande wa pili kengele ilianza kulia. Mbele yao barabara ilipita juu ya mfereji mpana wenye maji mengi, mazito, ya kijani. Taa nyekundu ziliwaka, magari yakasimama, na madereva wakazima injini wakatoa simu zao bila haraka, kama watu waliozoea. Kipande kizima cha daraja, pamoja na lami yake na mistari yake myeupe, kikapanda juu hewani kikiwa kimelala vilevile. Na chini yake, bila kelele, ikaja meli.

Luiza alikuwa ameziona meli za aina hiyo kwa miaka kutoka dirishani kwake, na hakuwa ameziona kabisa. Hii ilikuwa ukuta wa chuma chekundu uliokwenda. Ilipita, ikapita, ikaendelea kupita, hata Khatoon akacheka kwa kutoamini. Na haikuwa na haraka. Walipoanza kutembea kando ya uzio waligundua kwamba wanakwenda nayo sambamba, wao kwa viatu vya nyumbani na yenyewe kwa mashine zake, mpaka ilipofika mbele ya ukuta mrefu wa zege ulioziba mfereji. Palikuwa na milango ya chuma mirefu kama majengo, na juu ya milango hiyo milango mingine, na juu yake mingine. Ilikuwa ngazi ileile ya bustanini, ila hii ilikuwa na uhai.

Meli iliingia katika chumba cha kwanza, pembeni ikibaki nafasi ya mtu kupitisha mkono tu. Milango ikafungwa nyuma yake. Wakasubiri wasikie mashine ya kuinua. Hawakusikia kitu. Lakini Luiza, ambaye alikuwa amechagua doa moja la kutu ubavuni mwa meli, aliliona doa likipanda.

"Nani anaisukuma?" akanong'ona. "Sioni pampu. Sisikii chochote."

Khatoon alikuwa anatazama si meli bali juu, kule mfereji ulikotoka, kisha chini, kisha juu tena. Aliyatazama maji yaliyokuwa yakichemka polepole kando ya meli.

"Hakuna anayesukuma," akasema. "Uliona yale matundu chini ya mawe kule nyuma? Kule juu kuna ziwa zima. Wanayafungulia maji, yanashuka yenyewe, yanaingia huku chini yake. Samina utotoni alikuwa na bata wa plastiki bafuni. Nikifungua bomba, bata anapanda. Ni hivyo tu."

"Kwa hiyo maji yanashuka."

"Maji yanashuka na meli inapanda."

Walisimama wakilitafakari jambo hilo, na Luiza alihisi furaha safi ambayo hakuwa ameihisi tangu mumewe alipofariki, furaha ya kitu kilichokaa mahali pake. Miaka yote ile zile meli zilikuwa zikija huku kupanda mlima mbele ya watu wanaosoma simu zao.

Meli iliendelea kuinuka. Kwanza ilipanda mbele yao nguzo, kisha paa la chumba cha nahodha, kisha matusi ya sitaha, na nyuma ya matusi mwanamume mwenye kofia ya plastiki na koti la rangi ya chungwa, akishika kamba, akipandishwa taratibu kama aliye ndani ya lifti. Alipofikia usawa wa macho yao akawaona: wanawake wawili wazee, mmoja na chupa ya chai. Akawapungia mkono.

Luiza alifungua mdomo, lakini Khatoon alimtangulia. Alijisogeza kwenye uzio, akapaza sauti yake ya dukani, kwa Kiingereza.

"Mmetoka wapi?"

Mtu yule akajibu kwamba wametoka Quebec, kule mto unakoingia baharini, na wanakwenda mpaka mwisho wa ziwa la mwisho kuchukua ngano. Kisha, kama ilivyo kawaida ya watu, akauliza na wao je.

Luiza alimtazama mwenzake. Khatoon alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili.

"Bukoba," alisema.

Baharia aliinamisha kichwa kama anayetafuta ramani. Akauliza hiyo ni bandari ya bahari au ya mto.

"Ya ziwa," Khatoon akamwambia. "Ziwa kubwa kuliko hili. Lakini meli yako haifiki huko, mpaka uifungue vipande."

Yule bwana alicheka, akasema atamwarifu nahodha. Na meli ikaendelea kupanda, naye pamoja nayo, mpaka ikabidi wainue vichwa kumwona, na milango ya mbele ikafunguka. Khatoon alibaki pale mpaka meli ilipokwisha kuingia chumba cha pili. Kisha akauliza, bila kugeuka, kama Luiza anadhani loki ya tatu itachukua muda mrefu. Waliisubiri ya tatu.

Saa nane ilikuwa imepita zamani walipokumbuka nyumba. Wakarudi mbio kwa kadiri ya magoti yao, kupitia reli, kiwanda na kuta za mawe, Khatoon akiwa amevua viatu na kuvishika mkononi, kila mmoja akipanga atakavyojitetea kwa Samina. Luiza alimwazia akiwa peke yake na mtoto analia, na Khatoon alisema wazi kwamba kama kuna aibu wataigawana. Waliufungua mlango wa nyuma kwa uangalifu.

Nyumba ilikuwa kimya. Marc alikuwa amerudi kutoka kazini na kulala kochini na viatu vyake, Almina juu ya kifua chake. Samina alikuwa amelala sakafuni kwenye zulia, mto chini ya kichwa, mdomo wazi. Akafumbua jicho moja, akauliza kwa Kiingereza mbona wamerudi mapema hivyo, akalala tena.

Kina mama wakaenda jikoni, wakafunga mlango, wakacheka mpaka Luiza ikambidi akae chini. Jioni hiyo waliulizana mengi. Khatoon alitaja mtaa wa duka, na rangi ya milango yake, na kwamba baba yake aliimba akifunga hesabu, vibaya sana. Hakuna aliyemwambia mwenzake samahani, wala hakuna aliyeona inahitajika. Ladu na supu ziliendelea kupikwa zote, na Samina alikula zote, maana hakuwa na jinsi.

Mwezi wa Juni kila mmoja alirudi kwake. Jumapili moja Luiza alikuwa anatoka misa, anasubiri tramu ya barabara ya King, simu ikalia. Alikuwa Khatoon, na bila hata kumjulia hali akaanza kueleza kwamba amekuwa akiulizauliza watu jamatkhana, kwenye nyumba yao ya ibada. Bwana mmoja aliyestaafu uhandisi amemwambia kwamba Newmarket, kaskazini tu ya Unionville, kuna mfereji uliochimbwa zaidi ya miaka mia iliyopita. Loki zake zilimwagwa zege zikakamilika, kisha serikali ikabadilika, kazi ikasimamishwa. Haikupita meli hata moja. Loki zipo mpaka leo, msituni.

"Sasa najiuliza, Mama Marc. Watu wazima, na vipimo vyao, wachimbe kote kule. Maji ya kutosha walidhani yatatoka wapi?"

Luiza alisema hajui, na kwamba treni ya kwanza Jumamosi ni ya asubuhi. Khatoon akasema atamfuata kituoni na gari.

Walikwenda. Mvua iliwanyeshea njia nzima, na loki ya kwanza waliyoikuta ilikuwa imejaa matete na vyura, hata mwisho wake hauonekani. Walisimama ukingoni chini ya mwavuli mmoja wakibishana juu ya mvua, vijito, na uwezo wa pampu za zamani, mpaka mtu aliyekuwa akipita na mbwa wake akasimama kuwasikiliza, na Khatoon akamgeukia kumuuliza.